Mwana Shinuni na Siku za Wenziwe

Alitawala hapo kale, katika mji wa Marijani wenye malango manne ya shaba, sultani mmoja akiitwa Harithi bin Ghalibu, mtawala mwadilifu na mkarimu na mwingi wa huruma, ila alikuwa na donda moja moyoni. Siku aliyozaliwa wanajimu walimwambia baba yake kwamba mtoto huyu akivuka lango la mji, kiti kitampotea. Basi akakua na akatawala na akaota mvi bila ya kuliona hata shamba la mitende lililo nyuma ya ukuta wake. Na kwa kuwa aliyefungwa humwonea kijicho mwenye miguu, akatoa amri kwamba kila mtu wa Marijani asafiripo lazima arudi na kitu cha huko alikokwenda, akiweke katika kidaka cha ukuta wa sebule yake, na siku ya baraza akitoe na asimulie habari zake mbele ya watu. Na atakayesimulia mji asioukanyaga, huyo apakwe masizi na kupandishwa punda kinyumenyume na kuzungushwa sokoni. Watu wakafanya msemo: aliyekanyaga ndiye asemaye.

Katika mji huo palikuwa na mfanyabiashara wa udi na zafarani, Nassibu bin Sarhani, naye alikuwa na binti wawili. Mkubwa aliitwa Mwana Shinuni na mdogo Thureya, na mama yao alifariki akimzaa huyo mdogo, hata Shinuni akiwa na miaka kumi tu akambeba mwenziwe ubavuni na kumlisha uji na kumwimbia mpaka alale. Na humo nyumbani mlikuwa na bibi yao, Mwana Zawena, aliyepooza nusu ya mwili, asiyeweza kuachwa peke yake. Basi Nassibu alipoondoka na msafara wa ngamia alimwachia Shinuni funguo za nyumba, na Thureya, ambaye alipotimiza miaka saba alimng'ang'ania ngamia shingoni mpaka akapakiwa, akawa ndiye mwenzi wa baba yake safarini. Safari ya kwanza ikazaa ya pili, na ya pili ikazaa ya sita.

Kila waliporudi kidaka kimoja kilijazwa. Kulikuwa na kengele ya ngamia kutoka Darfula, na bakuli ya kaure ya Sinjari, na kijisanduku cha msandali, na vingine vya namna hiyo, na kazi ya kuvipangusa vumbi ilikuwa ya Shinuni. Siku ya baraza Nassibu huishika kengele na kusimulia jinsi ngamia wake alivyoingia harusini na kula shada la bibi harusi, na Thureya humkatiza na kumsahihisha, na watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Shinuni hupita na dele la kahawa. Alizijua hadithi zile kwa herufi zake, alijua ni wapi baba yake atakohoa na wapi Thureya atafunika uso kwa viganja, lakini hakuwa na ruhusa ya kusema neno.

Alikuwa na wivu. Sitamsitiri, maana hekaya hii ni yake na wivu ulikuwa wake. Aliwaonea wivu kwa jua lililowachoma na kwa viroboto wa nyumba za wageni, na mtu anayeonea wenziwe wivu hata kwa viroboto, huyo ujue yamemfika kooni.

Baada ya safari ya sita bibi akafariki. Shinuni alimlilia kwa haki, kwani alimpenda, lakini arubaini ilipopita alianza kushona. Akashona kanzu mbili za safari na ushungi mzito wa kujikinga na mchanga, akavifunga furushi na kuliweka nyuma ya mlango, asimwambie mtu. Alingoja aambiwe. Asubuhi ya msafara wa saba baba yake akatoka na kilemba chake, akambusu kipajini, akamtia funguo mkononi kama ilivyo ada, wala hakuliona furushi. Hakufanya kwa ubaya. Mkono wake ulikuwa umezoea. Na Shinuni akazipokea, kwa sababu mkono wake nao ulikuwa umezoea, na ngamia walipotoweka akalifungua lile furushi akazirudisha nguo sandukuni moja moja.

Baada ya miezi mitano wakarudi. Thureya, wakati huo mwari wa miaka kumi na minane, alishuka na chanuo la mpingo kichwani, akamkimbilia dada yake na kumkumbatia, na akamkabidhi kitu kizito kilichoviringishwa kwa hariri. Kilikuwa kufuli la shaba, kongwe, lililofungwa, tena halina ufunguo.

"Nililiona tu nikakukumbuka, dada," akasema kwa furaha. "Nani mwenye funguo kama wewe?"

Shinuni akashukuru, akaenda jikoni, akalia kwa hasira mpaka wali ukaungua. Safari saba walizokwenda, na katika dunia yote iliyojaa hariri na marashi hawakuona cha kumletea mtu wa nyumbani ila kufuli.

Kesho yake adhuhuri, nyumba yote imelala kwa joto, akaketi ghalani na kulijaribu kufuli kwa funguo zake, ufunguo wa mlango mkuu, ufunguo wa ghala, ufunguo wa sanduku la nguo, na zote zikagoma. Wa mwisho ulikuwa ule mdogo wa kabati ya sukari, nao ukazunguka. Hakutoka moshi wala ngurumo. Ilitoka harufu ya chuma kilicholoa, na mbele yake akasimama mzee mfupi mwenye ndevu za rangi ya shaba na kwato za mbuzi, akipiga miayo.

"Labeka, ewe mwenye ufunguo," akasema. "Mimi ni Karnasi, jini wa jabali la Samaha, mtumwa wa aliyenifungua. Mchuuzi alinitoa kwetu akaniuza kwa wasafiri, nami leo ni zawadi ya safari kama ile bakuli. Niamrishe, ila usiniamrishe mazito, maana nimechoka."

Shinuni akamwamuru amzungushe miji yote saba aliyokwenda Thureya. Jini akamwonyesha mbawa zake, na zilikuwa zimeota kutu kama panga la mvivu, hata nzi zisingemwinua. Akasema kuruka hawezi, lakini anayo elimu moja aliyoachiwa na baba yake.

"Kila kitu kilichobebwa kutoka safarini kimebeba siku za aliyekichukua," akasema. "Kioshe kwa maji safi, uyanywe yale maji kama mtu anywavyo kombe la dawa, na siku zile zitakuwa zako, jua lake na vumbi lake na kicheko chake. Lakini siku hazizai pacha. Zikiingia kwako, kwake zimetoka."

"Na nikitaka kuzirudisha?"

"Hazitoki ila kwa ulimi. Utamsimulia mwenyewe sikioni, toka mwanzo hata mwisho, na kila neno likikutoka halirudi. Utabaki kama mtu asiyeona kitu."

Jini aliyefungwa kwa utumwa hana idhini ya kutoa shauri asiloulizwa, na Shinuni hakuuliza shauri. Aliuliza bakuli ya kuoshea iwe ya namna gani.

Akaanza na kengele. Alipoyameza maji yake akajiona yuko Darfula, na jua la Darfula likamgonga kichwani, na miguu yake ikawa ile minene ya baba yake, na mbele yake ngamia anatafuna shada la asumini na bibi harusi anapiga kelele. Akacheka mle ghalani peke yake mpaka machozi. Hakika ilikuwa nzuri kuliko alivyosimuliwa.

Siku ya baraza Nassibu akaitoa kengele, akaitikisa, ikalia, kisha akaitazama kama mtu aliyesahau jina la mgeni wake. Akasema leo ana kikohozi, na Thureya, aliyezoea kumsahihisha tu, hakujua pa kuanzia. Shinuni, aliyesimama na dele lake, alikuwa nayo hadithi nzima kinywani na kwa amri ya sultani hakuweza kuitema, lakini kuwaona wenziwe wamekaa kimya kama alivyokaa yeye miaka kumi na moja kulimpa utamu ambao baadaye aliuonea haya.

Basi kila Ijumaa akaosha kitu kimoja na kunywa. Watu wakanong'ona kwamba Nassibu anazeeka, na kwamba binti yake mdogo hana tena uchangamfu. Thureya akawa anasimama mbele ya vidaka akivitazama. Mara kwa mara alimfuata dada yake jikoni na kumuuliza bakuli hii waliipata wapi, na Shinuni humjibu kwamba aliyekanyaga ndiye asemaye, na hapo mdogo wake huondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Likabaki chanuo. Hili Thureya hakuliweka kidakani. Alilala nalo na kuamka nalo, na alipochana nywele dirishani alikuwa akitabasamu kwa jambo lisilomhusu mtu mwingine. Tabasamu lile lilimla Shinuni kuliko kengele na bakuli na vyote. Akajiambia, ana safari saba na bado ana siri. Siku Thureya alipokwenda hamamu akalisahau juu ya mto, na dada yake akaliosha na kuyanywa maji yake wima, bila hata kuketi.

Na tazama, akajiona yuko Samaha, chini ya jabali, ndani ya kisima kikubwa cha mawe ambacho watu hukiteremkia kwa ngazi. Pembeni yake amekaa kijana mwenye nyusi zilizokutana, wanamenya komamanga moja wawili. Kijana huyo ni Hilali, mwana wa mtawala wa Samaha. Wameteremka wakihesabu vidato, Hilali asema ni sabini na kimoja, na yeye mwenyewe asema ni sabini na viwili, na wamegombana juu ya hilo asubuhi nzima kwa raha kubwa. Kisha Hilali atoa chanuo katika mkanda wake na kusema, "Baada ya mavuno ya zabibu nitakuja kwenu nikupose. Nitakuuliza vidato ni vingapi, nawe utanijibu mbele ya watu, ili wajue kuwa tunajuana." Na moyo ulioruka kwa neno hilo sasa ulikuwa moyo wa Shinuni.

Akaketi chini. Alikuwa na miaka ishirini na minane na hajapata kuangaliwa namna ile na mtu yeyote. Alijua amechukua nini, na alijua jinsi ya kukirudisha, na hakukirudisha. Alijiambia kwamba mwenye kula vyote aweza kumwachia mwenziwe komamanga moja. Thureya aliporudi akalichukua chanuo, akachana nywele, na uso wake haukuonyesha lolote. Chanuo lilikuwa chanuo.

Mavuno ya zabibu yakapita. Hilali akaja na ngamia arubaini na watumishi na ngoma, na kwa kuwa alikuwa mwana wa mtawala alianza kwa Sultani Harithi, na Sultani Harithi, ambaye harufu ya hadithi ingemtoa hata kitandani, akafuatana naye mpaka nyumbani kwa Nassibu. Na desturi ya Marijani ilikuwa hivi: mposaji asemaye kwamba alijuana na mwari ugenini humuuliza jambo, naye mwari akiwa nyuma ya pazia hujibu. Akisema hamjui, mposaji huyo amemzulia mtoto wa watu, na hutolewa nje ya lango kabla ya magharibi asirudi tena maisha.

Pazia likashushwa, na dada wawili wakakaa nyuma yake. Hilali akasimama, akaamkia, akasema, "Ewe binti Nassibu, nimekuja kama nilivyoahidi. Niambie, vidato vya kisima cha Samaha ni vingapi?"

Thureya akamgeukia dada yake akanong'ona kwamba hamjui mtu huyu wala hicho kisima, na kwamba hata hakumbuki kama alipata kwenda Samaha. Hilali akauliza mara ya pili, na sauti yake ikatetemeka, na Shinuni aliyekuwa akimpenda kwa moyo wa wizi hakuweza kuvumilia kuisikia ikitetemeka.

"Sabini na viwili," akasema kwa nguvu. "Wewe hukukihesabu kile tulichokuwa tumekikalia."

Barazani watu wakashangaa, lakini Hilali hakufurahi. Akasema, "Maneno ndiyo, ila sauti siyo," na Sultani akauliza ni nani aliyejibu. Shinuni akafungua kinywa kusema ni mimi. Angeweza. Maneno mengine mawili tu na kijana yule angekuwa wake, maana nani mwingine duniani angeweza kumtajia yaliyopita kisimani? Ndipo akamwona Thureya akimtazama. Alikuwa amekunja ushungi wake mkononi na anamtazama dada yake aliyekwenda mahali asipokwenda yeye, aliyejua wasiyoyajua wengine. Shinuni akautambua mtazamo ule. Miaka kumi na moja alikuwa nao yeye, nyuma ya dele la kahawa, na hakuna aliyeugundua. Na sasa alikuwa ameutia katika macho ya mtoto aliyemlea kwa uji.

Akaomba kupitia pazia kwamba Sultani awape muda hadi adhana ya alasiri, mwari apate kutuliza moyo. Akakubaliwa. Hapo akamvuta Thureya karibu, akaweka mdomo sikioni mwake, akaanza na bakuli ya Sinjari. Akasimulia vitu vyote vilivyokuwa vya Thureya, na kila alilolisema likatoka na kwenda zake, kama mtu anayemwaga nafaka gunia likalegea. Alipofika Samaha akapunguza mwendo. Akasimulia jabali kwa kirefu, na mlinzi wa kisima, na rangi ya komamanga, na akakawia sana penye zile nyusi mbili, mpaka mwadhini akaanza. Basi akamaliza.

Thureya alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Shinuni akapangusa uso, akachungulia pembeni mwa pazia, akamwona kijana wa kigeni mwenye vumbi la njia.

"Huyu mgeni ni nani?" akauliza. "Mbona hajapewa hata maji?"

Thureya hakumjibu, kwa kuwa alikuwa anajibu kwa sauti kubwa: vidato sabini na viwili, na ubishi wa asubuhi nzima, na chanuo lililotoka mkandani. Hilali akaitambua sauti na akainua mikono kumshukuru Mungu. Kisha Thureya akaongeza, "Na dada yangu Shinuni alikuwa amekaa kidato cha juu yetu, akila nusu ya komamanga letu. Ndiye aliyejibu kwanza, maana naye alikuwepo."

Nassibu akashtuka. Mji mzima ulijua kwamba Shinuni hajapata kuvuka lango. Lakini Thureya hakudanganya. Hadithi ile ilimwingia kwa ulimi wa dada yake, na popote alipoitazama alimwona dada yake humo. Sultani akauliza kwa upole, ule upole unaotisha, "Ewe Shinuni, ulikuwepo Samaha?" Na masizi yalikuwa tayari jikoni. Akisema ndiyo, amesimulia mji asioukanyaga. Akisema sikuwepo, mdogo wake ndiye mwongo, na posa imevunjika.

Shinuni akajitafuta ndani akakuta patupu. Akasema, "Bwana wangu, mimi sikumbuki. Lakini mtoto huyu nimemlea mwenyewe, na hasemi uwongo."

Sultani akamgeukia Hilali, aliyekuwa shahidi wa pekee. Kijana akafikiri kidogo, na masikio yakamwiva.

"Mtukufu Mfalme," akasema, "kama palikuwa na mtu juu yetu mimi sijui. Siku ile sikutazama juu."

Sultani Harithi akacheka kicheko ambacho Marijani haikupata kukisikia, na akahukumu kwamba Shinuni binti Nassibu amehesabiwa kuwa miongoni mwa waliokanyaga. Harusi ikafungwa wiki hiyo hiyo, ngamia arubaini wakapakuliwa mbele ya mlango, na Sultani akamtunukia Shinuni shamba la mitende lile lililo nyuma ya ukuta, amwambie lilivyo.

Baada ya harusi Shinuni akamrudishia baba yake siku zake, na akawaungamia wote wawili alilolitenda. Nassibu akalia, akasema lile furushi alipaswa kuliona. Thureya akakasirika, na siku tatu hakusema naye, na siku ya nne alipoufungua mdomo ilikuwa kumlaumu. "Uliniibia, dada, na Samaha vilevile ulinilia komamanga langu," akasema, na akashangaa kwa nini dada yake anacheka. Karnasi akaachwa huru, na kwa kuwa mbawa zake hazikufaa aliondoka na msafara wa bibi harusi, akiwa amejishikiza kwenye mkia wa ngamia wa mwisho.

Wazee husema wivu ni kidonda na mwenye kushiriki hukonda, na mimi siwapingi, ila naongeza kwamba anayeondoka na kumwachia mwenziwe funguo kila safari asistaajabu akikuta kufuli limefunguliwa. Na sisemi kuwa Shinuni alipona. Usiku wa kuagana, alipokaa barazani na watu wakasimulia, alikuwa katika kila hadithi, katika harusi ya Darfula alivutwa na ngamia, na Sinjari aligombana na muuza bakuli mpaka akampunguzia. Yeye hakukumbuka hata kimoja. Alikaa na kikombe chake, mara hii wengine wakipita na dele, akasikiliza, na kila baada ya muda kidogo alimwinamia mdogo wake na kuuliza, "Na siku hiyo mimi nilivaa nini?"